Nani amekuambia? Namna walimu wetu wanageuka watu wa hadithi



Juma lililopita mdogo wetu mmoja, mwenye kumaliza masomo mwaka huu, alinitumia hadithi aliyoiandika kwenye telefone, nisome mbele aitoe kwa watu. Hadithi inatembea Kasongo. Soko iko, mvua iko, matope ya barabara iko. Lakini mzee mwenye hekima, yule mwenye kumshauri kijana, anaitwa Monsieur Gérard na anavuta kiko karibu na moto ndani ya nyumba. Nikamwuliza: "Mdogo wangu, huyu mzee ulimwona wapi?" Akajibu: "Ndani ya kitabu, Yaya." Nikaongeza: "Na wewe, nani alikufundisha kuhesabu?" Akanyamaza kidogo, kisha akaniandikia mistari mitano juu ya shangazi yake, mama mwenye kuuza mafuta ya mawese, ambaye alikuwa anashika madeni ya watu wote kichwani, bila kaye wala biki. Ile mistari mitano ilikuwa na uzima kupita hadithi nzima.

Njo sababu ninaandika leo. Wengi kati yetu tunapenda kuandika. Tunatoa hadithi, michezo ya kuigiza, hata riwaya zenye hazijapata mtu wa kuzichapisha. Lakini watu wetu wa hadithi tunawakopa mbali, na wale waliotushika mkono tunawaacha nje ya mlango. Basi tuone waandishi wengine walifanya namna gani, walichukua nini kwa walimu na walezi wao, na waliacha nini. Nitasema pia kosa nililofanya mimi mwenyewe, sababu liliniuma na lilinifundisha.

Tuanze kwetu. Maniema imeingia ndani ya vitabu tangu zamani, lakini kwa mlango wa wageni. Mnajua kitabu cha Joseph Conrad juu ya mto Kongo, chenye kutoka mara ya kwanza mwaka 1899. Ndani yake kuna mtu anaitwa Kurtz, mnunuzi wa pembe za tembo, mwenye kusemwa vizuri kila fasi na mwenye roho iliyooza. Mtafiti Norman Sherry alitoa wazo kwamba Kurtz alichukua mengi kwa Arthur Hodister, Mbelgiji wa biashara ya pembe aliyeuawa hapa Maniema mwaka 1892. Wengine wanataja watu wengine, na mabishano hayajaisha. Lakini angalieni jambo moja: miaka mingi watafiti wanabishana juu ya Mzungu gani aliyekuwa Kurtz. Na wale waliobeba zile pembe, waliopika, waliopiga makasia, nani anauliza majina yao? Mtu mwenye hakuna anayemwandika, hata mabishano juu yake hayako.

Sasa tuone kazi yenyewe inafanyika namna gani.

Mfano wenye kujulikana sana duniani ni wa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa Arthur Conan Doyle. Doyle alisomea udaktari Edinburgh, Scotland. Kule alikuwa na mwalimu, daktari Joseph Bell, na akafanya kazi ya kumwingizia wagonjwa. Bell alikuwa na desturi moja: mgonjwa akiingia, mbele hajafungua kinywa, Bell anamwangalia na kusema kazi yake na fasi anakotoka. Doyle mwenyewe alisimulia juu ya mtu mmoja aliyeingia bila kuvua kofia. Bell akasema: huyu alikuwa askari, ameacha jeshi juzi tu, na alikuwa Barbados. Alijuaje? Mtu alikuwa na heshima lakini hakuvua kofia, sababu jeshini hawavui. Kama angeacha jeshi zamani, angekuwa amezoea tena desturi za raia. Na ugonjwa uliomleta ulikuwa matende, ugonjwa wa visiwa vile. Wanafunzi walishangaa. Wakisha kufasiriwa, wakaona ni jambo rahisi.

Miaka kumi hivi baadaye, 1887, Holmes akatokea katika kitabu. Lakini Holmes si Bell. Bell alikuwa daktari wa hospitali, mtu wa familia. Holmes haponyeshi mtu, hana mke, anapiga fidla na kujidunga dawa za kulevya. Doyle alichukua kitu kimoja tu kwa mwalimu wake: lile jicho. Akalitoa hospitali, akalipeleka kwenye mambo ya wauaji na wezi. Na hakuficha deni. Mwaka 1892, kitabu cha kwanza cha hadithi fupi za Holmes kilipotoka, alikitolea kwa mwalimu wake Joseph Bell, kwa jina.

Hapa kuna somo la kwanza: haubebi mtu mzima. Unachukua desturi moja, swali moja, namna moja ya kushika kitu, kisha unaipanda katika udongo mwingine. Ikiota, inakuwa mtu mpya.

Somo la pili ni kuchanganya. Tumwangalie Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyetuacha mwezi wa tano mwaka 2025. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, Weep Not, Child, ilitoka mwaka 1964. Mwanzoni kabisa mama Nyokabi anamwuliza mtoto wake Njoroge kama anataka kwenda masomo. Miaka 46 baadaye Ngũgĩ akatoa kitabu cha utoto wake mwenyewe, Dreams in a Time of War. Mle mama yake, Wanjiku, mwanamke asiyejua kusoma, ndiye anayemwuliza mtoto lile swali, na wanafanya mapatano kwamba atajitahidi siku zote. Ukisoma vile vitabu viwili pamoja, unaona swali la mama wa kweli limekuwa mlango wa riwaya.

Lakini mwangalie Boro, kaka ya Njoroge. Boro alipigana vita ya pili ya dunia upande wa Waingereza, akarudi na uchungu, akaingia msituni. Katika maisha ya Ngũgĩ hayo ni mambo ya watu wawili. Ndugu wa baba mmoja, Kabae, ndiye aliyekuwa askari wa Waingereza. Kaka wa mama mmoja, Wallace Mwangi, ndiye aliyeingia msituni. Riwaya imewafunga wawili katika mwili mmoja. Na jina la Mwangi liko pia, lakini limepewa ndugu mwingine aliyekufa vitani. Kwa hiyo mtu wa Limuru akisoma, hawezi kunyosha kidole na kusema: huyu ni fulani. Anaweza kusema tu: haya mambo ninayajua.

Somo la tatu ni gumu: mlezi anaweza kuwa mtu tunayepigana naye. Ngũgĩ alisoma Alliance High School tangu 1955 mpaka 1958. Mkubwa wa masomo alikuwa Edward Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa mbele mwalimu wa hesabu Cambridge. Katika Petals of Blood, riwaya ya 1977, kuna masomo yanaitwa Siriana na mkubwa wake anaitwa Cambridge Fraudsham. Wasomaji wengi walimtambua Carey Francis, na picha ile ni kali: mtu wa amri, mwenye kutaka Waafrika wabaki fasi amewapangia. Wanafunzi wanagoma, Fraudsham anaondoka, anakuja Chui, mtoto wa nchi, aliyekuwa mwenyewe kiongozi wa mgomo wa zamani. Na Chui anatawala kama Fraudsham, pengine kumpita. Ile sehemu inachoma sababu haisemi tu "Mzungu mbaya". Inauliza kile tulichojifunza kwake bila kujua.

Mwaka 2012 Ngũgĩ alirudi kwa mtu yule yule, sasa kwa jina lake la kweli, katika kitabu cha kumbukumbu za Alliance. Mle Carey Francis ana pande mingi: mkali, mwenye kuamini utawala wa nchi yake, lakini pia mwenye kujali wanafunzi wake na mwenye kusimama imara wakati wa hali ya hatari. Mwandishi wa 1977 na yule wa 2012 ni mtu mmoja. Kilichobadilika ni umbali. Kwa hiyo kama leo umemkasirikia perefe wako wa zamani, andika. Lakini ujue kwamba hukumu yako ya leo siyo ya mwisho.

Tunafika kwa Abdulrazak Gurnah, na huyu atatugusa sana sisi wa Kabambare na Kasongo. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akakimbilia Uingereza akiwa kijana. Aliporudi kutembelea nyumbani mwaka 1984, alimwona baba yake, sasa mzee, anavuka kwenda msikitini. Amesimulia kwamba ile picha ilimfanya awaze: huyu alikuwa mtoto wakati Wazungu wanaanza kushika nchi, mtoto aliona nini? Kutoka hapo ikaja riwaya Paradise ya 1994, ambayo tangu 2022 tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Ni hadithi ya Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa tajiri Aziz juu ya madeni ya baba yake, na anafuata msafara kutoka pwani mpaka ng'ambo ya Tanganyika, kwenye milima ya Marungu.

Ng'ambo ya Tanganyika ni upande wetu. Ni misafara ya namna ile iliyofika Kabambare, ikapita mpaka Kasongo ya Tippu Tip na Nyangwe. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na yakachapishwa Berlin mwanzo wa miaka ya 1900. Ni kitabu cha bwana wa msafara, na macho ni ya bwana. Gurnah alianza na mzee anayevuka kwenda msikitini, akamrudisha kuwa mtoto, akaweka macho kwa mtoto. Njia ni ile ile, lakini mwenye kuona amebadilika. Mnaona nguvu ya kitu hiki? Kumwangalia mzee wako kwa dakika moja na kumwuliza moyoni, "ulikuwa mtoto wa namna gani?", kunaweza kufungua historia ya nchi nzima.

Sasa kosa langu.

Nilipokuwa mwanafunzi mbali na nyumbani niliandika hadithi juu ya mwalimu wangu wa mwaka wa sita wa msingi, upande wa Kabambare. Mwalimu yule alikuwa na neno moja. Mtoto akijibu vizuri, yeye hasemi "vizuri". Anasema: "Nani amekuambia?" Ukijibu "Ni wewe, Mwalimu", anasema: "Basi mimi nimekosa. Onyesha." Na unaenda kwenye ubao, unaonyesha, magoti yanatetemeka. Wakati wa vita, kalasi ilihamia chini ya mwembe, neno lile likahama naye. Miaka mingi baadaye, mtu akiniletea uvumi wowote, sauti ile inasimama kichwani: nani amekuambia?

Hadithi yangu ingekuwa juu ya neno lile. Lakini nilikuwa kijana, nikafikiri kweli ni kumwaga yote. Nikaweka mguu wake wenye kuchechemea. Nikaweka kofia yake, madeni yake dukani, ugomvi wa nyumba yake, na usiku mmoja ambao watu walimkuta amelewa lutuku. Jina nilibadilisha herufi mbili. Hadithi ikasomwa mbele ya wanafunzi, watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikaona mimi ni mwandishi.

Karatasi ina miguu. Ilifika nyumbani kabla yangu. Niliporudi likizo, binti yake mkubwa aliningojea njiani. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Yaya, baba alikufundisha kuandika. Ni yeye wa kwanza ulimvua nguo?" Sikuwa na jibu. Mwalimu mwenyewe hakuniambia neno. Nilipoenda kumsalimu alinipa kiti, akauliza habari za masomo, akanywesha chai. Ile chai ilinichoma kupita fimbo.

Kwenye mji mkubwa, kubadilisha herufi mbili pengine kunatosha. Kwetu hapana. Kabambare na Kasongo kila mtu anajua nani anachechemea, nani anadaiwa, nani alikimbilia msitu gani mwaka gani. Vita vimetupitia mara kwa mara, na neno dogo juu ya mtu, alilala wapi, alimpa nani chakula, linaweza kuwasha moto wa zamani. Hadithi yetu inaweza kuumiza mtu wa nyama na damu, na watoto wake wanaosoma pamoja na watoto wetu.

Amadou Hampâté Bâ wa Mali alijua jambo hilo. Mwaka 1973 alitoa L'Étrange destin de Wangrin, maisha ya mkalimani mjanja wa wakati wa wakoloni. Alisema wazi kwamba mtu yule aliishi, kwamba alimfahamu tangu utoto, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyemsimulia maisha yake na kumpa ruhusa ya kuyaandika. Lakini kulikuwa sharti: jina lake la kweli lifichwe, kusudi watu wa familia yake wasijione wakubwa ao wadogo juu ya hadithi ile. Hampâté Bâ akashika ahadi, akatumia jina lingine la mtu yule, Wangrin. Ona: aliyeombwa ruhusa alitoa hadithi yake yote, hata ujanja wake. Mimi sikuomba, nikaiba.

Basi nilichana ile hadithi na kuanza upya. Niliacha mguu, kofia, madeni na lutuku. Nikabaki na neno lake tu. Nikampa mwanamke mwenye kuvusha watu kwa mtumbwi kwenye Lualaba, karibu na Kasongo-Rive. Kila abiria anayeleta habari ya ng'ambo, anaambiwa: "Nani amekuambia?" Sikujua mbele huyo mama atafanya nini. Siku moja wanafika vijana wakisema kijiji fulani kinajipanga kushambulia, wanataka kuvushwa na mapanga. Mama anashika kasia, anauliza neno lake, na hakuna mmoja mwenye kujibu. Basi hawavushi. Hapo hadithi ilipata moyo. Kofia ya mwalimu isingefanya kazi ile hata siku moja.

Nilimpelekea Mwalimu ile hadithi mpya na nikamsomea mimi mwenyewe, sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Huyu mama wa mtumbwi, ni nani alimfundisha kuuliza vile?" Nikasema: "Ni wewe, Mwalimu." Akatikisa kichwa: "Basi onyesha." Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka ao ananipima. Alifariki mwaka uliofuata.

Wapenzi wenzangu, kwa wale wenye biki mkononi, ninaacha maneno machache ya kazi.

Andika mbele orodha ya watu watatu waliokufundisha kitu. Wasiwe wa kalasi tu. Fundi wa baiskeli, mwalimu wa madrasa, katekista, mama wa sokoni, mchimbaji wa Salamabila aliyekukataza kuacha masomo, wote ni walimu. Kwa kila mmoja tafuta tendo moja ao neno moja ambalo hakuna mwingine alikuwa nalo. Usiandike "alikuwa na hekima". Hekima haionekani. Mkono wenye kuhesabu madeni kwa punje za mahindi, huo unaonekana.

Kisha mhamishe. Mwanaume awe mwanamke, mwalimu awe mvuvi, Kabambare iwe Kibombo. Kama tendo linabaki na nguvu katika mwili mwingine, umepata mtu wa hadithi. Kama linakufa, ulikuwa unataka tu kusimulia habari za mtu, na hapo kuna njia nyingine yenye heshima: andika maisha yake kwa jina lake, ukikaa naye na kumwuliza.

Tena, kabla ya kutoa kazi, jiulize swali moja: mtoto wake akisoma, ataniangalia namna gani? Kama mzee yuko hai, nenda umsomee. Sisi tuna bahati ambayo watu wa miji mikubwa wamepoteza: mwalimu wa hadithi yako anakaa nusu saa ya baiskeli kutoka kwako.

Lakini bahati ile ina mwisho. Kila msimu tunazika wazee. Mtu akifa na neno lake halijaingia fasi yoyote, linazikwa naye. Mdogo wetu wa Monsieur Gérard ameniahidi kwamba Jumamosi hii atakaa na shangazi yake kwenye soko, na kaye. Shangazi ameuliza tu kama atalipwa kwa siku ya kazi atakayopoteza. Nimemwambia kijana: mlipe.